Jinsi ya kuweka kumbukumbu za mgono wa samaki kwa ajili ya makumbusho

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanafunzi wa anthropolojia, wahifadhi wachanga na vikundi vya utamaduni vya mwambao wa Ziwa Victoria vinavyotaka kuhifadhi vyombo vya kazi vya wazee wao. Nimechagua mgono, mtego wa samaki unaofumwa kwa fito, kwa sababu huoza upesi, hauna mapambo ya kuwavutia wakusanyaji, na kwa hiyo husahaulika pale ngoma na viti vya watemi vinapopewa nafasi ya mbele. Vitu vingi vilivyochukuliwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani vimo hadi leo katika makumbusho ya Berlin na miji mingine ya Ulaya, na mara nyingi lebo zake humtaja aliyekikusanya kitu huku zikinyamaza kabisa juu ya aliyekitengeneza. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba maelezo ya mfumaji na mtumiaji yakusanywe kwanza, chombo chenyewe kifuate.

Hatua ya 1: Pata vibali na ridhaa

Mtafiti huhitaji kibali cha utafiti, ambacho hapa Tanzania hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na anapaswa kuifahamu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979. Ukifika kijijini, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti kabla ya kwenda mwaloni, mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia.

Ridhaa ya mwenye chombo ni jambo jingine, na haitokani na muhuri wa ofisi yoyote. Mvuvi anaweza kuhofia kwamba picha ya mtego wake itamfikia mtu wa doria, au kwamba mahali anapotega patajulikana na wengine. Mweleze waziwazi nani ataiona kumbukumbu hiyo, muulize kama anataka jina lake liandikwe, na uweke alama za mahali halisi pa kutegea katika faili lisilofunguliwa kwa umma. Akikataa, shukuru na uondoke.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kugusa

Piga picha mgono ukiwa pale pale ulipo, iwe ni juu ya kichanja, chini ya upenu au kando ya mtumbwi, kwa sababu mahali unapowekwa panaeleza kama bado unatumika au umeshastaafishwa. Kisha upige pande zote, mdomoni na mkiani, ukiwa umeweka rula pembeni. Mwanga wa asubuhi unafaa zaidi, kwani jua la saa sita hutia vivuli vikali katikati ya fito na kuficha mfumo.

Sasa sogea karibu. Mgono una mwili mrefu wa fito zilizoshikiliwa na pete za mtambaazi, na ndani ya mdomo wake kuna koo la vijiti vyembamba ambavyo ncha zake zimeelekezwa ndani, hivi kwamba samaki huvipanua akiingia na kukuta vimejifunga anapotaka kutoka. Pima urefu wa mwili, upana wa mdomo, upana wa tundu la koo, na nafasi iliyopo kati ya ufito na ufito. Kipimo hiki cha mwisho hurukwa na wengi, nacho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa kinaonyesha ni samaki wa ukubwa gani mfumaji aliyekusudia kumpata na ni yupi aliyeachiwa apite. Andika pia dalili za matumizi: upande uliolalia tope huwa mweusi zaidi, na mara nyingi utakuta pete iliyokatika imefungwa upya kwa uzi wa nailoni kutoka katika wavu chakavu. Usiutoe uzi huo eti kwa sababu si wa asili, kwani matengenezo hayo nayo ni sehemu ya historia ya chombo.

Hatua ya 3: Msikilize mwenyewe

Swali la "mgono unatumika kwa kazi gani?" huzaa jibu fupi ambalo kila mtu analijua. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Mara ya mwisho ulipoutega huu, ilikuwaje?" Hapo ndipo utakaposikia habari za mvua, za kina cha maji, za uzio uliojengwa kuvuka kijito, na za nani aliyepewa samaki wa kwanza.

Katika mito inayoingia Ghuba ya Speke, kama Simiyu, fuatilia hasa habari za ningu. Samaki huyu hupanda mto wakati wa mvua ili akatage, na mitego ya mitoni iliyategemea majira hayo; nyavu zilipozidi kutandazwa midomoni mwa mito katika karne ya 20, ningu walipungua sana. Mzee anayekueleza kwa nini aliacha kufuma migono anakupa ushahidi wa mabadiliko ya ziwa lenyewe.

Andika majina ya sehemu za mgono kama anavyoyatamka, iwe kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na umwombe akuonyeshe mmea ambao fito zake zilikatwa. Wahoji wanawake pia, maana aliyebanika na kuuza samaki anajua mengi ambayo mtegaji hayajui.

Hatua ya 4: Amua kama mgono uhame

Kama bado unamlisha mtu, uache. Ushauri wangu ni kumwagiza mfumaji atengeneze mwingine kwa malipo ya haki, nawe urekodi kazi yote kwa video, tangu kukata fito hadi kufunga mkia. Kwa njia hiyo makumbusho yatapata chombo pamoja na ujuzi wake, na kijana wa pale nyumbani huenda akakaa kutazama. Makabidhiano yaandikwe kwa Kiswahili, yasainiwe na pande zote, na kila upande ubaki na nakala.

Hatua ya 5: Namba na lebo

Namba ya sehemu tatu inatosha: mwaka, kundi la mapokezi (vitu vilivyopokelewa pamoja), na kitu chenyewe, kwa mfano 2025.4.1. Juu ya chungu au chuma, namba huandikwa juu ya tabaka jembamba la Paraloid B-72, utomvu wa kutengenezwa unaotumiwa na wahifadhi, iliyoyeyushwa kwa asetoni, lakini fito hazifai kupakwa kitu. Tumia utepe wa pamba ulioandikwa kwa wino usiofutika, ukaufunge kwa kulegea. Epuka gundi ya karatasi, na epuka waya, ambao hushika kutu na kutia doa.

Hatua ya 6: Wadudu na unyevu

Unga mwembamba chini ya mgono ni dalili ya dumuzi, mdudu anayetoboa fito. Ufunge ndani ya nailoni nzito, toa hewa, uzibe kabisa, kisha uugandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili. Ukiutoa, usiufungue kabla ya saa 24 kupita, la sivyo unyevu wa hewa utatua moja kwa moja juu ya fito. Mwanza haina uhaba wa majokofu makubwa, ila usiazime lile linalohifadhi samaki wa kuuzwa. Dawa za kupulizia sizishauri hata kidogo: huacha sumu juu ya chombo, na atakayekishika miaka ijayo hatajua.

Ghalani, weka mgono juu ya rafu, mbali na ukuta na sakafu, ukiegemezwa ili koo lisibonyee, na ukague kila mwezi, hasa nyakati za mvua.

Hatua ya 7: Rudisha kumbukumbu kijijini

Chapisha kadi ya maelezo pamoja na picha, uipeleke kwa familia na shuleni, na uisome kwa sauti mbele ya waliokueleza. Watasahihisha majina, watabishana kuhusu msimu, na pengine atajitokeza mtu wa kijiji cha jirani aliyefuma kwa namna nyingine. Ingiza masahihisho hayo kwenye kadi pamoja na tarehe na chanzo chake, bila kufuta maelezo ya awali. Baada ya hapo, linganisha kadi yako na vyombo vilivyopo katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoasisiwa na Padre David Clement pamoja na Wasukuma walioshirikiana naye, ili ujue ni aina gani za mitego ambazo bado hazijaandikwa popote, na uanze kuwatafuta wafumaji wake.