Somo: “Get” na mlango wa hoteli

Zamani kidogo nilikuwa napokea wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni, Unguja. Asubuhi moja mama wa Kiingereza, mikono yote imejaa mabegi, akaniambia: “Could you get the door, please?” Nikaduwaa. Get, kwa nilivyofundishwa, ni kupata. Nipate mlango, kwani umepotea? Akarudia polepole, kama wanavyofanya wakidhani husikii. Mwisho akausukuma mwenyewe kwa nyonga, akaingia. Kumbe alitaka nimfungulie tu.

Mwalimu wangu hakunidanganya. Neno hili Waingereza walilitoa kwa watu wa Skandinavia waliohamia kwao zama za Waviking, na huko kweli lilikuwa na maana ya kupata. Ila limetembea sana tangu hapo. Leo nawaonyesha njia ninayoitumia mwenyewe: usiitazame “get”, tazama kinachoifuata.

Hatua ya 1: Likifuata jina la kitu au mtu

Hapa “pata” mara nyingi inatosha. “Get a job” ni kupata kazi, “get malaria” ni kupata malaria. Isipofaa, jiulize kitu hicho kinafikaje mkononi. “Get me some water” ni niletee maji. “Get the kids from school” ni kawachukue watoto shule. “I got this shirt in Kariakoo”, nililinunua.

Hatua ya 2: Likifuata neno la sifa au hali

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa hiyo tukae kidogo. “Get tired”, “get wet”, “get drunk”, “get old”, “get fat”. Kwa Kiswahili ni choka, lowa, lewa, zeeka, nenepa. Kila moja ni kitenzi kimoja, hakuna cha kupata. Kiingereza hakina vitenzi vya namna hiyo vya kutosha, ndiyo maana “get” inabebeshwa mzigo.

Sasa linganisha:

Nimechoka: I am tired.
Naanza kuchoka: I'm getting tired.

Amelewa: He is drunk.
Anaanza kulewa: He's getting drunk.

Kwetu “-me-” inaonyesha hali imeshafika. Kwao hiyo ni kazi ya “am, is, are”. Hali ikiwa bado njiani, ndipo “get” inapoingia. “It's getting dark”, giza linaingia. Ukimwambia mwenyeji wako “I'm getting hungry” saa tano, anajua bado ana muda wa kupika. Ukisema “I'm hungry”, akimbilie jikoni.

Hatua ya 3: Likifuata tendo lililokwisha kutendwa

“He got arrested”, alikamatwa. “My phone got stolen”, nimeibiwa simu. Ile “-wa” yetu ya kutendwa ndiyo “get” yao ya mazungumzo. Kwenye barua au ripoti andika “was arrested”, inapendeza zaidi.

Kituko ni “get married”. Ally got married: ameoa. Asha got married: ameolewa. Kiingereza hakijali nani kamwoa nani, wewe mtafsiri ndiye unayepaswa kujua.

Hatua ya 4: Akifuata mtu, kisha tendo

“Get him to sign”, mfanye asaini, kwa kumbembeleza au kwa kumganda. “She got me laughing”, alinichekesha. Umeiona ile “-sha”? Na ukitoka kinyozi sema “I got my hair cut”. Ukisema “I cut my hair”, wapo watakaodhani ulishika mkasi mwenyewe.

Hatua ya 5: Likifuata “to” na kitenzi

“I got to see the lions”: nilipata kuwaona simba, bahati ilinijia. Hapa “pata” yetu inakaa sawasawa. Lakini “I've got to go” ni lazima niende. Ile “'ve” ndogo inageuza bahati kuwa lazima, na watu wakiongea haraka wanaimeza kabisa. Sikiliza muktadha.

Zile za “get up”, “get over”, “get along” zikariri kama maneno mapya kabisa. Sina njia ya mkato.

MASWALI YA WADAU

*Mwalimu, samahani, daladala ni “get on” au “get in”?*

“Get on”, na kushuka ni “get off”. Basi, treni, meli, ndege, pikipiki, zote ni “on”. Gari dogo na teksi ni “get in” na “get out”. Hiace unainama kweli, ila kwa kuwa ni usafiri wa abiria, watu husema “on”.

*Mkuu, “gotten” ni kosa? Binamu yangu yuko Marekani anaitumia kila siku.*

Si kosa. Ni umbo la zamani ambalo Wamarekani walibaki nalo na Waingereza wengi wakaliacha. Kwa Mmarekani “I've got a car” ni nina gari, na “I've gotten a car” ni nimepata gari. Shika upande mmoja, usichanganye kwenye barua moja.

*Niko Muscat. Nikimtumia bosi faili anajibu “Got it”. Ameelewa au amepokea?*

Ukimtumia faili, amepokea. Ukimpa maelezo, ameelewa. Kusoma ni habari nyingine, dada yangu.

*Kwa nini mwalimu wetu alikuwa anakata kila “get” kwenye insha?*

Alitaka mzoee “receive”, “become”, “obtain”. Kwenye barua ya kazi namuunga mkono. Kwenye maongezi ukisema “I obtained a soda”, watakucheka.

*Na yule mama wa mlango, mliachana vipi?*

Nilimkimbilia nikambebea mabegi hadi chumbani. Akanipa noti, akasema: “Get yourself something cold.” Hiyo niliielewa bila kurudiwa: jinunulie kitu cha baridi.