Kupachika folda ya seva iliyo nyuma ya ukuta wa moto

Ukitaka kupachika (mount) folda ya seva ya mafaili iliyo nyuma ya ukuta wa moto (firewall) usioruhusu kuingia, usifungue poti 445 (SMB) au 2049 (NFS), za kushiriki mafaili, kwa intaneti nzima. SSH (muunganisho uliofumbwa wa kuingia kwenye kompyuta ya mbali) inayotoka ndani kwenda nje mara nyingi huruhusiwa, basi seva yenyewe ichimbe handaki (tunnel) hadi kompyuta ya kati yenye anwani ya umma. Hapa tuiite daraja.

1. Ufunguo. Kwenye seva:

`ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/handaki -N ""`

Hauna nywila, kwa hiyo ubane. Kwenye daraja, ndani ya `authorized_keys` ya mtumiaji handaki, tanguliza haya mbele ya ufunguo wa wazi (`handaki.pub`):

`restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2222",command="/bin/false"`

2. Handaki. Amri hii hufungua poti 2222 kwenye daraja, inayoelekea SSH ya seva (poti 22). Kwenye seva:

`ssh -N -i ~/.ssh/handaki -o ExitOnForwardFailure=yes -o ServerAliveInterval=30 -R 2222:localhost:22 handaki@daraja`

Hapa ndipo wengi hukwama. Mtandao ukikatika, daraja huendelea kuishikilia poti 2222 kwa niaba ya muunganisho uliokufa. Seva ikirudi hunyimwa poti, na bila `ExitOnForwardFailure` ssh hubaki hai bila handaki: ukiitazama utadhani ni nzima. Kwenye `sshd_config` ya daraja weka `ClientAliveInterval 30` na `ClientAliveCountMax 3`, poti iachiwe baada ya takriban sekunde 90. Ukiiendesha amri hiyo ya seva kwa systemd (msimamizi wa huduma wa Linux), weka `Restart=always` na `RestartSec=10`; kwa kawaida systemd hungoja milisekunde 100 tu, na ikishindwa mara 5 ndani ya sekunde 10 hukata tamaa.

Kwenye `sshd_config` hiyo hiyo, usiguse `GatewayPorts`. Ikibaki `no`, poti 2222 husikika ndani ya daraja pekee.

3. Kupachika. Kwenye kompyuta yako, ndani ya `~/.ssh/config` (`wewe` ni jina la akaunti yako kwenye daraja, `data` ni la akaunti kwenye seva):

```
Host mafaili
  HostName localhost
  Port 2222
  User data
  HostKeyAlias mafaili
  ProxyJump wewe@daraja
```

Kisha pachika kwa sshfs, programu inayoonyesha folda ya mbali kupitia SSH kana kwamba iko kwako:

```
mkdir -p ~/data
sshfs -o reconnect,ServerAliveInterval=15 mafaili:/srv/data ~/data
```

Mara ya kwanza utaonyeshwa alama ya ufunguo wa seva. Tafadhali usijibu `yes` kwa mazoea: ilinganishe na inayotolewa na `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub` kwenye seva. Ikilingana, daraja hupitisha data iliyofumbwa bila kuweza kuisoma. Usipolinganisha, aliyeliteka daraja anaweza kujifanya seva.

Ukiona `Transport endpoint is not connected`, ondoa kwa `fusermount3 -u ~/data` upachike upya. `reconnect` hutegemea ufunguo. Ukiingia kwa nywila haitakusaidia.