Somo: Kugawana chaneli tupu za TV kati ya maiki zisizo na waya na vifaa vya data

Ndugu mafundi, somo hili ni la yeyote anayefunga maiki zisizo na waya kwenye harusi, ibada, mihadhara au mikutano ya kampeni. Kila wiki kuna anayeuliza humu: "Maiki inakwaruza, nibadilishe betri?" Badilisha, si vibaya. Lakini betri ikiwa mpya na bado inakwaruza, tatizo liko hewani, na hewa ya leo siyo ile tuliyoanzia kazi.

Maiki nyingi za UHF (masafa ya juu ya redio) zinatumia masafa ya televisheni. Kwetu Afrika Mashariki chaneli moja ya TV ina upana wa MHz 8 (Marekani ni 6), na chaneli ya 21 inaanzia MHz 470. Zamani mpangilio huo ulipanda mpaka 862. Analojia ilipozimwa, Dar es Salaam wakitangulia tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya wakafuata 2015, vituo vikabanwa pamoja kwa kuwa chaneli moja ya dijitali hubeba vituo vingi. Sehemu ya juu ikakatwa kwa ajili ya simu. TV imebakiwa na 470 hadi 694, yaani chaneli ya 21 mpaka ya 48, na katika kila mji zipo chaneli humo ambazo hakuna anayezirushia. Huko ndiko tunakoishi sisi na maiki zetu, wengine bila hata kujua.

Sasa kuna mwenzetu kahamia. Mwaka 2008 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya data, yaani vya intaneti, kutumia chaneli tupu za TV bila leseni. Watu wa majukwaa walipiga kelele sana, hata mwanamuziki Dolly Parton akaandika barua ya kupinga. Mwaka 2013 mambo yakafika huku: mradi wa Mawingu kule Nanyuki, Kenya, ukapeleka intaneti vijijini kwa njia hiyo kwa vituo vya umeme wa jua, Dar es Salaam COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) na Microsoft wakatangaza mradi wa kuunganisha vyuo, Cape Town wakaunganisha shule kumi. Sababu ya kuyapenda masafa haya ni moja: yanapenya miti na kuta na kwenda mbali kuliko Wi-Fi ya kawaida.

Jambo ambalo fundi lazima alishike kabla ya hatua yoyote ni hili. Maiki yako haina masikio. Inatuma tu, haijui nani mwingine yuko kwenye masafa hayo, na hata ikijua haiwezi kuhama yenyewe katikati ya hotuba. Kifaa cha data kinatuma na kupokea, kinaweza kusubiri, kurudia kilichopotea, kuhama chaneli, na mtumiaji asione tofauti. Kwa hiyo kifaa cha data ndicho kinachotakiwa kupisha. Ila hakiwezi kupisha kisichokijua, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

HATUA YA 1: Jua uko chaneli gani

Chukua namba iliyoandikwa nyuma ya risiva, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya maiki. Toa 470, gawanya kwa 8, chukua namba nzima bila desimali, jumlisha 21. Mfano: 543.2 toa 470 ni 73.2, gawanya kwa 8 unapata 9 na ushee, 9 na 21 ni 30. Uko chaneli ya 30, inayoanzia 542 na kuishia 550. Andika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa risiva. Ikiwa namba yako iko juu ya 694, ruka usome swali la katibu wa kwaya hapo chini.

HATUA YA 2: Sikiliza kabla hujawasha

Fika ukumbini, funga antena, washa risiva, na maiki zote ziwe zimezimwa. Angalia taa za RF, zile zinazoonyesha mawimbi yanayopokelewa. Taa ikiwaka wakati maiki imezimwa, mahali hapo pana mwenyewe. Kama risiva yako ina skani, yaani inapekua masafa na kuyachora kwenye skrini, mrusho wa TV ya dijitali utauona kama meza: umepanda wima, ukalala juu kwa upana wa chaneli karibu nzima, ukashuka wima. Hapo usibishane, hama chaneli.

Kifaa cha data ni kigumu zaidi kukikamata, kwa sababu hakitumi mfululizo. Kinatuma kifurushi, kinanyamaza, kinatuma tena. Skani ya sekunde chache inaweza kupita katikati ya kimya ikakuambia pako wazi. Mimi naacha risiva ikiskani huku nikivuta nyaya za spika, kisha nachagua masafa, navaa hedifoni na kushusha skwelchi (kizuizi cha mvumo) mpaka nisikie mvumo. TV huvuma mfululizo bila kubadilika. Data hutoa mikwaruzo mifupi mifupi, kr-kr, kimya, kr. Ukisikia hivyo, hama hata kama skrini inasema pasafi.

HATUA YA 3: Panga maiki zako zikae pamoja

Hapa ndipo mafundi wengi tunapojiumiza wenyewe kisha tunawalaumu watu wa intaneti. Maiki nne, fundi anaziweka kwa hatua sawa: 543.2, 543.8, 544.4, 545.0. Inapendeza kwa macho. Sasa chukua mara mbili ya 543.8, toa 543.2. Jibu ni 544.4, yaani juu ya maiki yako ya tatu! Mawimbi mawili yenye nguvu yakikutana kwenye risiva, au kwenye maiki mbili zilizoshikwa karibu karibu, huzaa mawimbi mengine kwa hesabu hiyo. MC na bwana harusi wakisogeleana, maiki ya mchungaji inaanza kulia.

Dawa yake ni tofauti kati ya maiki na maiki zisirudiwe. Jaribu 542.8, 543.2, 544.4 na 545.2. Toa kila moja kwa kila nyingine: 0.4, 1.6, 2.4, 1.2, 2.0, 0.8. Hakuna iliyojirudia, kwa hiyo hakuna mtoto atakayeangukia juu ya mzazi. Kwa chaneli nyingine, jumlisha au toa 8 kwa namba zote nne, mpangilio unabaki vilevile.

Tazama faida nyingine. Maiki zote nne zimekaa ndani ya MHz 2.4 tu. Fundi anayetawanya maiki nne kwenye chaneli nne amewazuilia watu wa data MHz 32, ilhali maiki moja inahitaji kama kHz 200. Kanuni za nchi nyingi huhesabu kwa chaneli nzima: palipo na maiki moja iliyosajiliwa, kifaa cha data kinaondoka kwenye chaneli yote. Kaa chaneli moja ijae, kisha ndiyo ufungue ya pili.

Watafiti wamekwenda mbali zaidi na kuuliza kwa nini chaneli nzima ihamwe kwa ajili ya kipande chembamba hivyo. Mawimbi ya data ya kisasa yamegawanywa kwenye njia ndogo ndogo nyingi zinazokwenda sambamba. Ukizima zile zinazogusa maiki na nyingine chache pembeni, data inaendelea kupita kwenye zilizobaki. Ugumu ni kujua uzime ngapi, maana hakuna mrusho unaokatika wima kabisa; kila mmoja humwagika kidogo pembeni. Mtumaji wa data akiwa mbali, kupisha kidogo kunatosha. Akiwa mlango wa pili, anahitaji kuacha nafasi kubwa, pengine chaneli yote. Kwa maoni yangu hapo ndipo kugawana kwa kweli kulipo, kuliko kufukuzana chaneli kwa chaneli.

HATUA YA 4: Sogeza antena

Madhara hayatokei kwenye maiki, yanatokea kwenye risiva. Maiki hutuma miliwati 10 hadi 50. Kifaa cha data cha kufungwa juu ya paa, kwa kanuni za Marekani za 2010, kiliruhusiwa mpaka wati 4. Risiva ikiwa nyuma ya ukumbi karibu na dirisha, na maiki ikiwa jukwaani mita 40 mbele huku umati umesimama katikati, huwezi kushinda. Miili ya watu ni maji, na maji hunywa mawimbi haya.

Peleka antena karibu na jukwaa, juu ya vichwa vya watu, mita mbili na nusu hivi kutoka chini, mahali zinapoiona maiki moja kwa moja. Tenganisha antena mbili kwa nusu mita au zaidi. Usizifunge kwenye nguzo ya chuma, wala usilaze risiva juu ya amplifaya yenye feni. Ukilazimika kuvuta waya, tumia waya mnene wa omu 50. Ule wa king'amuzi ni omu 75, siyo huo. Mara nyingi kusogeza antena kunatibu kuliko kubadili masafa.

HATUA YA 5: Jitambulishe

Vifaa vya data hujua pa kukaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusikiliza, na haitoshi: kifaa kilicho nyuma ya jengo kinaweza kushindwa kusikia maiki ya miliwati 10 huku chenyewe kikisikika vizuri sana kwenye risiva yako. Ndiyo maana mwaka 2010 FCC iliacha kulazimisha usikilizaji kwa vifaa vinavyouliza hifadhidata. Hiyo ndiyo njia ya pili: kifaa kinatuma mahali kilipo, kinajibiwa chaneli zilizo wazi. Maiki yako isipokuwemo kwenye hifadhidata, kwake haipo. Kwa tamasha au mkutano mkubwa, waandikie TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) au CA (ya Kenya) mapema, ukitaja mahali, tarehe, saa na masafa.

MASWALI YA WANACHAMA

Katibu wa kwaya, Moshi: Shikamoo mwalimu. Maiki zetu mbili nyuma zimeandikwa 742.5 na 745.1. Ijumaa mazoezini zinalia safi. Jumapili watu wakijaa zinakatakata. Ni shetani au ni nini?

Marahaba dada. Shetani msamehe leo. Namba hizo ziko kwenye masafa yaliyopewa simu. Pale bendi ya 700 inapotumika, simu za waumini hutuma kati ya 703 na 748, na Jumapili wamekuja nazo mfukoni. Kwanza inua antena, kwa kuwa umati nao unakunywa mawimbi. Zikiendelea, hakuna kurekebisha: uza kwa spea, nunua za chini ya 694. Dukani usisome kampuni, soma MHz.

DJ wa Ukunda: Ukumbi umefungwa Wi-Fi mpya. Nimwambie mwenye ukumbi azime?

Kama maiki zako ni za UHF, mwache bwana wa watu. Wi-Fi iko 2.4 GHz na 5 GHz, mbali kabisa na wewe. Usiweke tu risiva juu ya rauta. Lakini kama ni zile maiki ndogo za 2.4 GHz za kubana kwenye kola, hizo zinagombana na kila simu ukumbini. Nzuri kwa kurekodi mahojiano, siyo kwa harusi ya watu mia tano.

Fundi Nanyuki: Kaka, jirani na ukumbi kuna shule yenye antena ya intaneti ya masafa ya TV, na imeangukia chaneli yangu. Nani ana haki?

Mwenye nyumba ni TV, ninyi wote ni wapangaji. Sheria nyingi humtanguliza mwenye maiki aliyesajiliwa. Kanuni za Marekani za 2010 ziliweka umbali wa kilomita 1 kati ya maiki na kifaa cha kufungwa, na mita 400 kwa cha kubebeka. Wewe usianze na haki. Nenda kwa anayesimamia mtandao wa shule, muulize wako chaneli gani na antena inaelekea wapi. Ruka chaneli yao na ile ya jirani yake pande zote mbili.

Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma: Kwa nini maiki isiambatane na kifaa kinachotangaza "nipo hapa"?

Wazo hilo lina kiwango rasmi cha kiufundi kabisa, IEEE 802.22.1 cha mwaka 2010, kwa ajili ya kinara cha kulinda maiki. Shida ni mfuko: fundi anunue mtambo wa ziada ili kifaa cha mtu mwingine kifanye kazi yake vizuri? Madukani kwetu sijauona.

Mama Mitambo: Maiki za dijitali zitanisaidia?

Zinajipanga nyingi zaidi ndani ya chaneli moja, na hazikwaruzi. Ila zikizidiwa hazikuonyi. Sauti inakatika ghafla katikati ya neno. Ukinunua, hatua ya 2 na ya 4 ziko palepale, na taa ya ubora wa mawimbi iangalie kila MC anapotembea kuelekea meza kuu.