Kusakinisha seva ya programu ya AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), hatua kwa hatua

Karani wa Urambo ana faili lake la mauzo ya tumbaku, wa Kaliua na wa Sikonge vilevile. Msimu ukifungwa, makato ya pembejeo hayalingani na mkulima ndiye anayeumia. Ndiyo maana kanuni za hesabu zinapaswa kukaa sehemu moja, kwenye seva ya programu. Hii hukaa kati ya kivinjari cha karani na hifadhidata: inapokea ombi, inahakiki anayeomba, inapiga hesabu, kisha ndiyo inaandika. Karani hagusi hifadhidata moja kwa moja.

Hapa Tabora natumia Tomcat, seva ya programu zilizoandikwa kwa Java. Ni nyepesi kuliko WildFly, seva nyingine ya aina hiyo, na kazi hii inaimudu.

Hatua ya 1. Kwenye Ubuntu 24.04 andika `sudo apt install tomcat10`. Java itakuja nayo. Fungua `localhost:8080` uone kama inaitika.

Hatua ya 2. Nakili faili la WAR (kifurushi chenye programu yako nzima) kwenye `/var/lib/tomcat10/webapps`, litafunguka lenyewe. Programu ya zamani iliyoandikwa kwa `javax` haitakubali hapo, kwa sababu Tomcat 10 inatumia `jakarta`, jina jipya la maktaba hizo za Java. Igeuze kwanza.

Hatua ya 3. Weka akiba ya miunganisho ya hifadhidata, yaani miunganisho ambayo maombi huazima na kurudisha, kwenye faili la mipangilio `context.xml`. Hapa usiharakishe. Usipobadilisha kitu, Tomcat hushughulikia hadi maombi 200 kwa pamoja, lakini akiba hiyo ina miunganisho 8 tu, na ombi linalokosa nafasi husubiri bila kikomo. Siku ya soko, makarani wote wakiingiza kilo kwa mpigo, mfumo utaonekana umekufa kumbe unasubiri. Weka `maxWaitMillis="10000"` ili baada ya sekunde 10 kosa lijitokeze kwenye faili la matukio ya seva (log). Usikimbilie kupandisha `maxTotal`, yaani idadi ya juu ya miunganisho: kagua kwanza kama kila msimbo unaochukua muunganisho unaurudisha, hata pale hesabu inapokwama katikati. Usiporudishwa, hata miunganisho 100 itakwisha.

Hatua ya 4. Weka Nginx, seva ya kupokea maombi ya nje, mbele ya Tomcat ikiwa na HTTPS inayoficha data njiani, na poti 8080 isionekane nje. Nywila za makarani zinapita humo.

Hatua ya 5. Umeme ukikatika na kurudi, seva lazima iamke yenyewe: `sudo systemctl enable tomcat10`, na hifadhidata vilevile. Kisha izime kabisa, iwashe, usiguse chochote, umpigie karani wa Kaliua ajaribu kuingia.