Kabla ya kudai mapinduzi: namna ya kumng'oa mwenyekiti wa kijiji kwa mkutano mkuu

Ukikaa barazani Pangani au Muheza, mazungumzo ya ardhi iliyouzwa kinyemela hayakawii kufika kwenye mapinduzi. Mwaka 1888 hapo Pangani dai hilo lilikuwa na mantiki. Kampuni ya Kijerumani ilichukua forodha kwa mkataba na Sultani, ikapandisha bendera yake, na mwananchi hakuwa na kura ya kuiondoa. Abushiri bin Salim akashika silaha. Alinyongwa Pangani Desemba 1889. Unguja ni mfano mgumu zaidi, maana kura zilikuwepo. Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Mapinduzi yakafuata Januari 1964, kisha Wazanzibari wakakaa hadi 1980 ndipo wakampigia kura rais wao. Anayedai mapinduzi na aihesabu miaka hiyo pia.

Pimeni basi: aliyewakosea anaondoleka kwa njia iliyopo? Inategemea ngazi. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi hayahojiwi mahakamani, kwa ibara ya 41(7) ya Katiba. Mbunge naye wapiga kura hawawezi kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake. Huko juu njia ni finyu, na kudai katiba mpya ni hoja halali kabisa. Kijijini mambo ni tofauti. (Mitaa ya Jiji la Tanga ina utaratibu wake, haya ni ya vijiji.)

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, uwezo wa kuchagua halmashauri ya kijiji na kumwondoa mjumbe yeyote au wote, mwenyekiti akiwemo. Mkutano wa kawaida ni kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa.

Anzeni na karatasi. Mwombeni mtendaji wa kijiji, kwa barua, mihtasari ya mikutano na taarifa za fedha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na ibaki kwenu. Asiyekuwa na nakala yenye mhuri ataambiwa barua haikufika, na hapo ndipo malalamiko mengi hufia.

Kama shida ni ardhi, tafuteni muhtasari mmoja tu: ule wa mkutano mkuu ulioridhia ugawaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Muhtasari usipopatikana, hoja yenu imeshasimama. Ukipatikana, linganisheni orodha ya mahudhurio na watu wenyewe. Wafu na waliohama huonekana upesi.

Kisha andikeni ombi la mkutano, ajenda ikitaja kumwondoa mwenyekiti kwa jina la cheo chake na sababu zake, mkiambatanisha majina na sahihi. Nakala iende kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Kosa kubwa ni kulizusha suala hili kwenye "mengineyo": wasiokuwepo watasema hawakuarifiwa, na uamuzi utatenguliwa. Kosa la pili ni kupiga kelele badala ya kura. Hesabuni mikono, andikeni waliokubali, waliokataa na wasiopiga, na orodha ya mahudhurio iwe na sahihi siku hiyo hiyo. Kama mnahofia fujo, ombeni afisa wa wilaya awepo. Uwepo wake pia huzuia mwenyekiti kuahirisha kikao kwa kisingizio cha akidi, yaani kwamba idadi ya waliohudhuria haitoshi.

Kura ikipita, msitawanyike kabla ya makabidhiano. Mhuri, daftari la ardhi, vitabu vya risiti na funguo za ofisi viorodheshwe kimoja kimoja, na benki iandikiwe ibadilishe watia sahihi wa akaunti ya kijiji.