Vizibo vya Soda, Vikombe na Arosto: Ninavyowafundisha Kidato cha Pili Ubongo na Dawa za Kulevya

Nafundisha baiolojia hapa Tanga, na karibu kila mwaka darasani kwangu yumo mtoto ambaye nyumbani kwao kuna mtu anakula unga, yaani heroini. Mwanzo sikulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika ubaoni picha za mateja, yaani waraibu wa unga, waliolala mtaroni, na vidonda vyao. Darasa likacheka. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma hakucheka. Alikusanya madaftari yake, akatoka, na wiki nzima hakuonekana shuleni. Nilikuja kuambiwa kwamba kaka yake ni teja. Nilikuwa nimewapa wenzake ruhusa ya kumcheka ndugu yake. Picha za kutisha nikaziacha siku hiyo, na nawaomba walimu wenzangu mziache. Kijana anayemjua teja kwa jina picha haimfundishi kitu. Anachokosa ni kujua ndani ya kichwa kunatokea nini.

Tafuta vizibo vya soda kama mia moja (mwenye duka atakupa bure), vikombe kumi vya plastiki na kanga moja. Omba vipindi viwili vilivyoungana, maana kimoja hakitoshi.

Anza na furaha ya kawaida. Waulize ni lini mara ya mwisho walifurahi mpaka mwili ukasisimka. Watakutajia goli la Coastal Union, pilau ya Idi, ujumbe wa simu kutoka kwa mtu wasiyetaka kumtaja. Waambie furaha hizo zote zinapita njia moja: seli ya neva inaimwagia jirani yake kemikali iitwayo dopamini. Seli hizo hazigusani. Kati yake kuna mwanya mwembamba mno, na dawa nyingi za kulevya zinafanya kazi yake pale pale.

Sasa uonyeshe. Tenganisha madawati mawili kwa hatua moja. Upande mmoja wanafunzi wawili wawe seli inayotuma, mikononi wana vizibo. Upande wa pili panga vikombe kumi. Hivyo ni vipokezi, sehemu za seli zinazoipokea dopamini. Katikati weka mfagiaji, ambaye kazi yake ni kuokota vizibo na kuvirudisha kwa waliovirusha. Nyuma ya warushaji weka mlinzi wa kuwashika mikono wasirushe ovyo. Sema "Goli!" Mlinzi analegeza, vizibo kadhaa vinaruka, viwili vitatu vinaingia vikombeni, mfagiaji anasafisha, mambo yanatulia. Hiyo ndiyo siku njema ya mtu mzima wa afya.

Leta kokeini: mfunge mfagiaji mikono kwa kanga. Vizibo vinarushwa, harudishi mtu, mwanya unajaa. Mfungue, kisha leta heroini. Hii haimgusi mfagiaji; inamlaza mlinzi usingizi, na warushaji wanamwaga bila kizuizi. Darasa litapiga kelele. Liache dakika nzima. Stimu ipo, na ukiwaambia dawa hazina raha watajua unawadanganya, hawatakusikiliza tena.

Halafu nyamaza. Wageukie wenye vikombe: "Mmezidiwa. Ubongo ukizidiwa hujikinga. Ondoeni vikombe saba." Mwamshe mlinzi, kisha sema tena "Goli!" Vizibo vinaruka kama mwanzo, na pengine hakiingii hata kimoja. Uliza: goli ni lile lile, furaha imekwenda wapi? Usijibu wewe. Mwaka jana msichana mmoja alisema polepole, "Kwa hiyo hata pilau haimfurahishi tena." Maelezo bora kuliko hayo sina. Waambie pia kwamba mtu akiacha, vikombe hurudi, ila huchukua miezi, na miezi hiyo ndiyo migumu.

Arosto, yaani mateso ya mraibu anapokosa dawa, ina zoezi lake. Wanafunzi wawili wasimame viganja kwa viganja wakisukumana. Mmoja ni heroini: inaleta usingizi, inafunga tumbo, inapunguza pumzi. Mwenzake ni ubongo, unaosukuma kurudisha mwili sawa. Kila siku wote wawili wanaongeza nguvu, na hakuna anayesogea. Ndiyo maana aliyeanza na kete moja anafikia nyingi bila kuona stimu ya mwanzo. Kwa ishara yako heroini aondoe mikono ghafla. Ubongo anapepesuka mbele (weka mtu wa kumdaka). Anguko hilo ni arosto: tumbo lililofunga linaharisha, macho makavu yanatoa machozi, usingizi unakimbia.

Ongeza jambo moja, kwa sababu linaokoa maisha. Mwache ubongo akae apumzike, kisha heroini arudi na nguvu zile zile za zamani. Hakuna wa kumzuia. Hivyo ndivyo anavyokufa aliyetoka jela au aliyeacha kwa miezi, akarudia kiasi alichokizoea: kituo cha pumzi kwenye shina la ubongo kinazimika. Wafundishe kwamba mtu anayekoroma vibaya, haamki, midomo imebadilika rangi, alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu umri huwa sikawii. Ubongo hukomaa kuanzia nyuma kuja mbele, na sehemu ya mbele, inayopima matokeo kabla ya kutenda, hukamilika karibu na miaka 25. Kinachowafanya wajifunze haraka kuliko mimi ndicho kinachofanya uraibu uwaingie haraka.

Maswali yaandikwe kwenye karatasi bila jina. Hapa kwetu mirungi haikosi: mbona Kenya ni halali? Najibu kwamba sheria inabadilika ukivuka mpaka wa Horohoro, ila kathinoni, kemikali iliyomo kwenye jani, ni ile ile, inaondoa usingizi na njaa na kukudai baadaye. Bangi je? Haizimi pumzi kama heroini, lakini inavuruga sehemu inayohifadhi kumbukumbu, na kwa anayeanza mdogo inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa.

Kengele ikilia, usiwahi kutoka. Futa ubao taratibu, okota vizibo mwenyewe. Mwaka juzi mvulana alibaki akinisaidia kuokota, kisha akauliza bila kuniangalia: "Mwalimu, mtu akipiga miayo alfajiri na makamasi yanamtoka, ndiyo kule kusukumana?" Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inayokaa kwenye vipokezi vile vile vya heroini lakini taratibu, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Akauliza kama kaka yake anaweza kwenda bila kukamatwa. Jumamosi tulikwenda naye, sote watatu.