Unanunua Prado au mkonga iliyotumika huku Nyanda za Juu? Anza na injini, rangi baadaye

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, watu wakishauza viazi na mbao maswali yanakuwa yaleyale, nichukue ya dizeli au ya petroli, injini ya 1KZ au 1KD, na hii mkonga (Land Cruiser ngumu ya kazi) ya injini ya 1HZ mbona bei yake haishuki. Nawaeleza ninavyochagua mimi, maana nimeshaumia kwenye hili.

Huku kwetu hewa ni nyepesi na milima ni mirefu, hilo liweke kichwani kabla hujaangalia gari lolote. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, ukifika juu Kitulo unapita 2,600, na kule injini isiyo na turbo (feni ya kuisukumia hewa) inakosa karibu robo ya hewa iliyokuwa inavuta ikiwa Dar, kwa hiyo nguvu inapungua na ikiwa ni dizeli inaanza kutoa moshi mweusi hata kama nozeli zake ni nzima. Turbo inafidia sehemu kubwa ya hiyo hewa. Ndio maana mtu anayepanda kona za Chimala kwenda Matamba na gunia za viazi nyuma mimi namwambia atafute dizeli ya turbo, ila ajue anachonunua.

1KZ ni ile dizeli ya turbo ya lita 3.0 ya kwenye Prado za kuanzia 1996 na Hilux Surf. Inavuta vizuri, ila ugonjwa wake unajulikana, ikichemsha hata mara moja silinda hedi inaweza kupasuka. Mimi yangu nilinunua kwa dalali, gari linang'aa mpaka unajiona kwenye boneti, nilifika nikakuta limeshawashwa linanguruma nikaona ndio uzima wenyewe. Wiki ya tatu natoka Dar, napanda Kitonga nyuma ya semi iliyobeba, gia ya pili, mshale wa joto ulikuwa katikati umetulia kabisa halafu ghafla ukaruka juu na mvuke ukatoka. Hedi ilivyofunguliwa fundi akaniwekea kidole katikati ya vali mbili, pale palikuwa na alama ya kuchomelewa, yaani ilishapasuka kabla yangu na mtu akaiziba akaniuzia. Iliniuma sana, hela ya shamba yote iliishia kwenye hedi mpya. Na ule mshale usiuamini, kwenye Toyota nyingi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda kiasi, ukiuona unatembea ujue umeshachelewa.

Kwa hiyo mwambie muuzaji usiku uleule, kesho nakuja saa kumi na mbili asubuhi na usiliwashe. Ukifika weka kiganja kwenye injini, ikiwa ya vuguvugu muulize kwanini. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado baridi, ukikuta maji ya kahawia kama chai ya rangi ujue limekuwa likinywa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya rejeta), na huku maji matupu kwenye sufuria yanachemka kama nyuzi 94 tu, kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha ya kile kifuniko, kwa hiyo angalia na raba yake. Sasa washa injini kifuniko kikiwa wazi uangalie. Vipovu vya mwanzo viache vitoke, ila vikiendelea kuja mfululizo au hozi ya juu ikawa ngumu kama jiwe baada ya kufunika wakati injini bado baridi, huo ni upepo wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo ondoka, usianze kujadili bei.

1KD ni ndugu yake mdogo, nayo 3.0, ilikuja kuanzia 2000, ina nguvu zaidi na inakula kidogo, ila injekta zake ni za umeme na hazitaki uchafu wala maji. Kama unakoishi dizeli inatoka kwenye madumu, fikiria mara mbili. Isikilize inavyowaka ikiwa baridi, mlio wa ta-ta-ta mkali usiotulia ni injekta. Kingine, zile pete za chini ya injekta (washa) zikivuja masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la chini, oili haipandi na injini inakufa. Ukiweza mlipe fundi afungue sampu, bakuli la oili chini ya injini, muone chujio kabla hujatoa hela.

1HZ ya kwenye mkonga ni silinda sita, 4.2, haina turbo, pampu yake haihitaji kompyuta, na hata Ludewa ndani utampata wa kuitengeneza. Ni nzito kupanda, utapitwa na Noah, lakini inafika. Uliza tu taimingi belti ilibadilishwa lini, bila jibu la uhakika ihesabu kama gharama yako.

Petroli watu wanaidharau na mimi siwaelewi. 2.7, iwe 3RZ ya zamani au 2TR, inatumia cheni badala ya belti, haina turbo wala injekta za bei ya ng'ombe, asubuhi ya Juni yenye barafu Makete inawaka bila kusubiri hita plagi, na petroli utaipata hata kijijini kwenye chupa kwa sababu ya bodaboda. Mlimani ukiwa na mzigo itakulilia na itakunywa, hilo kweli. Ila kama safari zako ni Mwanjelwa, Uyole na shambani wikiendi, mimi ningechukua hiyo nikalala usingizi.

Halafu linganisha namba ya injini na ile ya kwenye kadi ya gari, ikitofautiana injini ilibadilishwa, muuzaji akamalize na TRA kwanza.

Mwisho liendeshe kwenye kilima, Iringa shuka Ipogolo upande tena, Mbeya panda barabara ya Chunya, dakika ishirini mfululizo na mzigo ikiwezekana. Ukisimama liache lingurume, nenda nyuma uangalie moshi, wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji au injekta, kisha chomoa kifuniko cha oili juu ya injini uone kama kinarushwa na upepo, kikirushwa injini imechoka.